Simbilisi wa Don Asencio

Amílcar Pazmiño hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchelewaji, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Mjini Ambato, alikokuwa akitengeneza meno ya bandia, watu walimwita Sasa-Hivi, kwa sababu ndilo neno alilolitoa kwenye simu akiwa bado na taulo kiunoni: "Sasa hivi nafika!" Harusi ya dada yake Zoila aliikuta viti vinakusanywa. Mazishi ya baba yao aliyakuta wachimbaji wanakung'uta udongo kwenye majembe. Kwa hilo la mwisho Zoila alimnunia mwaka mzima, na mimi simlaumu.

Halafu Zoila akajifungua binti, Antonela, na siku moja akabisha hodi kwa kaka yake akiwa na sahani iliyofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na simbilisi mzima wa kuchoma, amelala kifudifudi juu ya viazi, na mayai ya kuchemsha na mchuzi wa karanga. Sahani ya namna hiyo kule milimani huitwa mediano, na haiji bure. Anayeila amekubali ombi la aliyeileta, hata kama ombi lenyewe bado halijatajwa. Amílcar aliijua desturi hiyo tangu hajaota meno. Akala mpaka akalamba vidole.

"Umemaliza?" Zoila akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi wewe ndiye baba wa ubatizo wa Antonela. Jumapili ya tarehe kumi na nne, saa tano asubuhi, kanisani San Jacinto. Ukichelewa, Amílcar, haki ya Mungu, jirani yangu Teófilo atamshika mtoto, na wewe usinipigie simu tena."

Mtu mwenye akili timamu angepanda basi. Kwa basi, San Jacinto ni mwendo wa asubuhi moja tu. Lakini Amílcar alikuwa na marafiki wawili, na hao ndio waliompa wazo. Kila mwaka Homero, mwokaji mikate mwenye kitambi cha heshima, na Yadira, mwalimu wa mazoezi mwenye mapaja kama magogo, walibeba mahema kwenye baiskeli na kukatiza nyanda za juu nyuma ya mlima Chimborazo, kwenye njia ambazo hata punda huzifikiria mara mbili. Mwaka huu wakamwambia: tuondoke Alhamisi, Jumamosi mchana tupo San Jacinto, wewe utafika siku nzima kabla. Siku nzima kabla! Amílcar alikuwa hajawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Siku ya kwanza walisukuma baiskeli kuliko walivyozipanda. Siku ya pili walifika kwenye mchanga, na upepo ukawapiga ubavuni mpaka vikunya, wale wanyama wa shingo ndefu, wakasimama kuwatazama kama wanaotazama wendawazimu. Homero alifungua mfuko wa mwisho wa unga wa shayiri ya kukaanga, upepo ukauchukua wote ukaubandika kwenye ndevu zake.

"Usijifute!" Yadira akapiga kelele. "Hicho ni chakula cha watu watatu!"

"Njoo ulambe basi."

"Heri nife."

Jumamosi ukungu ukashuka, na njia ikapotea. Wakamkuta mama mmoja anachunga kondoo, anasokota sufu huku anatembea.

"Mama, shikamoo. San Jacinto ni wapi?"

Yule mama akachongoa midomo kuelekea ukungu. "Hapo tu."

Wakaendesha kwa muda wa saa tatu. Wakamkuta mzee na llama wake wanne wa kubeba mizigo. "San Jacinto? Aa, hapo tu, nyuma ya kilima kile." Nyuma ya kilima kile palikuwa na kilima kingine, na nyuma yake kingine tena. Na Amílcar ni mtoto wa milima hiyo hiyo, jamani! Alijua fika kwamba "hapo tu" ya mtu aliyezaliwa anatembea haina kipimo. Lakini mtu akiwa na haraka huamini analotaka kuamini. Jua likazama wakiwa bado wanatafuta "hapo", wakajitupa hemani bila kula.

Jumapili saa mbili asubuhi ukungu ukafunguka, wakaona chini yao nyumba kama kumi, moshi, na mbali bondeni mnara mweupe wa kanisa la San Jacinto. Njia yote ilikuwa mteremko. Yadira akapiga hesabu: mwendo wa saa moja na nusu, mbili mkizembea.

"Tutafika saa nne!" Amílcar akapaza sauti. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha. "Nitafika kabla ya wakati! Zoila atazimia!"

"Tupite kijijini tuombe hata maji ya moto," Homero akasema. "Mimi nimeanza kuiona pedali kama mkate."

Pale kijijini palikuwa na shughuli. Watu walijaa uani wamevaa poncho nyekundu, mpiga ngoma na mpiga filimbi wamekaa tu, vyombo magotini. Mwanamume mmoja, Don Asencio, akawatazama wageni watatu waliojaa tope, akatazama mkewe, Mama Tránsito, nao wakateta kidogo pembeni. Mara Mama Tránsito akatoka jikoni na sahani. Hakumpa Homero, hakumpa Yadira. Alimkabidhi Amílcar, kwa mikono miwili, akiinama.

Simbilisi mzima. Viazi. Mayai. Mchuzi wa karanga.

Hapa ndipo nataka kumshika Amílcar shati nimtikise. Sahani ile aliijua! Lakini siku tatu za upepo zilikuwa zimempanda kichwani, na tumbo lake halikuwa na habari na desturi. Akashukuru, akang'oa mguu, akala. Homero aliona. Yadira aliona. Wote wawili wakafumba midomo, maana viazi vilikuwa vingi na Amílcar alikuwa anagawa.

Alipoweka mfupa wa mwisho chini, ngoma ikalia. Watu wakapiga makofi. Don Asencio akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Compadre! Mungu akulipe, compadre!" akasema, kama wazazi wanavyomwita baba wa ubatizo wa mtoto wao.

"Compadre wa nani?" Amílcar akauliza, akaitazama sahani tupu. "Homero, nimekula nini?"

"Umekula mediano, ndugu yangu," Homero akasema akifuta midomo. "Na ilikuwa tamu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuna."

Mambo yakaelezwa. Mtoto wa Don Asencio, Sayri, alikuwa na miaka mitatu na hajawahi kuguswa na mkasi. Siku hiyo ndiyo ya kukatwa nywele kwa mara ya kwanza, na hukatwa na baba wa nywele, naye huwa ndugu wa nyumba ile maisha yake yote. Walimteua mtu wa mji wa Guaranda. Nywele zilikuwa zikatwe jana.

"Tangu jana anapiga simu," Mama Tránsito akasema. "Anasema sasa hivi anafika."

Amílcar akahisi masikio yanawaka.

Yadira akamvuta kando. "Sikiliza. Wewe timua mbio, mimi nitawashika kwa maneno. Saa tatu sasa. Ukiondoka hii dakika, unafika."

Amílcar akatazama mnara mweupe bondeni. Kisha akamtazama Sayri. Mtoto alikuwa amekaa juu ya kigoda katikati ya ua, nywele zimefika kiunoni, zimesukwa vimisuko kumi na viwili kwa utepe. Amekaa hivyo hivyo tangu jana, mama yake alisema, kila akiondolewa anarudi, asije mgeni akamkosa. Macho yake yalikuwa barabarani, upande wa Guaranda.

"Huyu mtu wa Guaranda namjua," Amílcar akasema.

"Unamjua wapi?"

"Namnyoa kila asubuhi kwenye kioo. Nipeni mkasi."

Basi shughuli ikaenda kwa mwendo wake, na mwendo wake si wa haraka. Amílcar akakata kimsuko cha kwanza. Kisha shangazi, wajomba, na majirani, kila mmoja na kimsuko chake na hotuba yake. Homero alipewa mkasi akatoa hotuba ndefu kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameshaonja chicha, pombe yao ya mahindi. Kila baada ya muda Amílcar alitazama saa, na kila alipotazama ilikuwa imetenda uovu mwingine. Saa nne. Saa nne na nusu. Baba wa nywele sharti acheze, akacheza. Saa tano kamili, saa ambayo Zoila alikuwa kanisani bila shaka anakodolea macho mlango, Amílcar alikuwa anazunguka uani na bibi wa miaka themanini aliyekuwa anamkanyaga makusudi.

Ukabaki utoaji wa zawadi. Amílcar hakuwa na kondoo wala poncho. Alimtazama Sayri: kichwa kipya, cheupe kwa baridi, kinashangaa upepo. Akavua kofia yake ya baiskeli, ya manjano, akamvalisha. Ilimshuka mpaka puani. Mtoto akagonga juu yake kwa ngumi, kotokoto, akacheka kicheko ambacho watu wa kijiji kile bado wanakiigiza.

"Nenda sasa, compadre," Don Asencio akasema alipoambiwa habari za Antonela. "San Jacinto hapo tu." Akamvika kofia ya sufu yenye kishungi, na kwenye mfuko wa mbele wa baiskeli akamtilia simbilisi wawili wazima, dume na jike, kwa heshima.

Nakwambia wale watatu walishuka mlima ule kama mawe. Pancha ya kwanza ikaja kwenye kona ya pili. Pancha ya pili ikaja kabla gundi ya kwanza haijakauka. Breki za Homero zikaisha, ikabidi aburuze viatu, na alipofika chini soli zilikuwa kumbukumbu. Simbilisi walipiga kelele njia nzima, kwii, kwii, kama kengele.

Saa saba kasoro dakika kumi Amílcar alitupa baiskeli mbele ya kanisa, akasukuma mlango. Ndani hapakuwa na mtu. Mabenchi matupu, mshumaa mmoja, na mbwa amelala chini ya mimbari.

Akarudi akakaa kwenye ngazi na mfuko wa simbilisi mapajani. Alilia kama mtoto, kamasi zinashuka kidevuni. Yadira alimshika bega. Homero alimpa kiazi alichokuwa amekificha mfukoni, na kwa Homero hicho ni kilele cha huruma.

"Amílcar?"

Zoila alikuwa amesimama chini ya ngazi, viatu vya kisigino mkononi, bado nywele zina vibano. Mumewe nyuma yake amembeba Antonela mwenye gauni jeupe.

"Zoila, nisamehe. Teófilo kamshika? Imekwisha?"

"Nini kimekwisha? Misa ni saa saba. Na wewe uko hapa dakika kumi kabla!" Akamkagua kuanzia kishungi hadi tope. "Mama yangu, umekuwa mgonjwa?"

"Lakini uliniambia saa tano."

"Nilikuambia saa tano kwa sababu nakujua." Zoila akakaa naye kwenye ngazi, juu ya gauni lake la sherehe na tope lote lile. "Siku ya baba niliwazuia wabeba jeneza saa nzima. Niliwaambia anakuja, anakuja, mpaka padri akakasirika. Safari hii nikasema mimi sisimami tena barabarani. Nitakupa saa zangu mbili, na zikupotee wewe."

"Na Teófilo?"

"Teófilo yuko pwani tangu mwezi jana. Mjinga wewe, nilimtaka nani mwingine?"

Amílcar akataka kusema jambo kubwa, lakini simbilisi akasema kwii, na Zoila akacheka mpaka kibano kimoja kikaruka. Padri alikuja saa saba na robo. Amílcar alimshika Antonela kwa mikono yenye mafuta ya mnyororo, na alama za vidole zipo kwenye lile gauni mpaka leo, Zoila amekataa kuzifua.

Baadaye, kwenye karamu, mama mkwe wa Zoila akamletea Amílcar sahani. Simbilisi mzima, viazi, mayai, mchuzi wa karanga. Amílcar akavuta mikono kama aliyeunguzwa.

"Hii ni ya nini?"

Homero na Yadira wakatazama dari. Zoila akajishika tumbo taratibu, akaona haya kidogo.

"Lini?" Amílcar akauliza.

"Ubatizo utakuwa Desemba, Mungu akipenda."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili kamili asubuhi," Zoila akasema bila kupepesa jicho.

Amílcar akamtazama dada yake, akang'oa mguu wa simbilisi, akala.