Jogoo wa Kuonyeshwa

Kijiji chetu cha ujamaa, ng'ambo ya mji mdogo wa Ziba, kiliponzwa na sifa. Redio ilisema tunalima kwa safu kama jeshi, basi wageni wakamiminika kuliko enzi za misafara ya pembe za ndovu: viongozi, wanachuo, Wazungu wenye kamera. Kila wakija tunaacha majembe, tunacheza ngoma, tunachinja kuku. Magugu hayakuacha kazi.

Mwisho kijiji kizima kikabaki na jogoo mmoja mwenye chongo. Alikuwa wangu. Nilimwita Shemasi, maana ndiye aliyeniamsha kusali alfajiri.

Mwenyekiti wetu, Mzee Hilari, akanijia. "Ndugu Justus, kesho kuna Land Rover. Jogoo ni wa umma."

"Shikamoo, mwenyekiti. Na mimi nitaamshwa na nani?"

"Marahaba. Utaamshwa na dhamiri."

Nililia. Mke wangu Kashindye hakulia, alifikiri. Kwetu mgeni hapikiwi kuku mpaka aonyeshwe kuku mwenyewe akiwa hai, ajue ameheshimiwa. "Basi tumwonyeshe," akasema. "Kisha tumpe ugali na mlenda. Mgeni mwenye adabu haulizi kuku kaenda wapi."

Kweli, hakuna aliyeuliza. Shemasi akaonyeshwa kwa kila ujumbe, akazoea. Akisikia gari anatangulia mlangoni kwa mwenyekiti, shingo juu. Mimi nilisali, "Bwana, huu si uongo, ni maonyesho."

Kisha Ndugu Ambrosi, mkubwa mmoja wa mkoani, akarudi mara ya pili. Kashindye akapiga goti, akamwinua jogoo.

"Mama, huyu si yule wa mwezi uliopita?"

"Siye," mwenyekiti akadakia. "Ni ndugu yake."

"Naye ana chongo?"

"Ukoo mzima una chongo, ndugu."

"Hakika si yeye?"

"Simjui kabisa yule mwingine!"

Hapo hapo Shemasi akawika.

Mtu akikana mara tatu na jogoo akawika, Mkristo unangoja nini? Nikaanguka kifudifudi. "Ni yeye, ndugu! Wameshamla watu wengi, na yu hai!"

Ndugu Ambrosi akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Kumbe! Siku ile nimelala na njaa nikimngoja kuku, naona haya kuuliza!" Akaamuru papo hapo: kuanzia leo, mgeni aje na chakula chake na jembe lake. Tukashangilia. Tulidhani watakoma.

Habari zikasambaa hadi Tabora mjini. Jumatatu yakaja malori matatu, watu wamebeba majembe na vyakula. "Yuko wapi jogoo aliyeliwa na watu wengi, na yu hai?"

"Pangeni foleni!" mwenyekiti akapaza sauti. "Magugu kwanza, jogoo baadaye!"

Shamba lote likapaliliwa, na bado wanakuja. Kila jioni Shemasi anaingia bandani amechoka kutazamwa, analala fofofo. Alfajiri mimi ndiye ninayemwamsha.