Dawa ya Kumlaza Mtoto

"Wifi, nipe ile dawa ya kumlaza mtoto," mshonaji alimwambia muuza dawa. Mgongoni mwanawe alikuwa akilia mpaka sauti imekauka.

"Bila cheti cha daktari siuzi, wifi. Inaweza kumziba pumzi."

"Daktari kanipangia mwezi ujao. Magauni ya harusi yanatakiwa kesho, na tundu la sindano silioni kwa usingizi. Rahisi kusema, wewe unayelala usingizi wa pono!" Akamfungua mtoto, akampakatisha wifi yake. "Basi kaa naye wewe." Akaenda zake.

Muuza dawa alibaki amenasa. Duka hawezi kulifunga, wateja wamejaa. Mtoto habembelezeki, anajipinda na kukataa maziwa. Hakika mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kufikia alasiri kichwa kilikuwa kinamvuma, na mara akajikuta ameshika chupa ileile, anasoma kipimo. Mkono wake mwenyewe ukamtisha. Akairudisha kabatini, akafunga duka wateja wakinung'unika, akaenda kuketi na mtoto mlangoni kwa daktari.

"Sitoki hapa mpaka umwone," alimwambia.

Daktari alimulika sikio la mtoto, akaguna. Ndani lilikuwa jekundu, limejaa usaha.

Mshonaji alipoelezwa, mguu wake ulisimama juu ya pedali ya cherehani. Alimchukua mwanawe, akambana kifuani, akalia kimya. Kisha akayatazama magauni manne ambayo bado hayajatiwa mikono.

"Na haya, wifi?"