Chungu cha Pacha Ukutani

Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Bunda yakaanza tena kuwa na sabuni, Wanzagi alipatwa na ugonjwa mpya: mambo ya kale. Mzee huyu wa kanisa, aliyewahi kuyatia motoni matunguri ya marehemu baba yake ili achemshe chai, sasa alikuwa na nyumba ya wageni na alitaka inukie mababu. Kampuni ya kupeleka watalii Serengeti ilikuwa inamleta mzungu kuikagua. Akiipenda, watalala watalii. Asipoipenda, watalala popo.

Akamwita Alawi, mchoraji wa vibao kutoka Musoma.

“Nichoree vitu vya matambiko, ukuta wa nje.”

“Mimi nachoraga vinyozi, bosi.”

“Chora vya zamani. Vitishe kidogo.”

Alawi akachora pembe, ngao, na katikati chungu chenye midomo miwili alichowahi kukiona kwa bibi mmoja Butiama. Wanzagi akakisifia mpaka akasahau kuuliza ni cha nini.

Siku ya ukaguzi, mzungu akinywa chai barazani na Wanzagi na mkewe Selestina, wakapita wanawake wa Butiama wakitoka gulioni. Kwao, chungu kile hutolewa nje pacha wakizaliwa. Apitaye ana ruhusa ya kuingia, kuwatukana wazazi matusi ya nguoni, kisha alishwe. Siku hiyo hata mkwe hana heshima.

Wakaingia wakicheza, mbele Getruda, shangazi yake Selestina.

“Baba Pacha, tulidhani umekauka kama dagaa wa Makoko, kumbe mvua yako inanyeshaga shamba la jirani!”

Wenzake wakapokea, wakashuka chini ya mkanda, ambako kalamu hii haiwafuati.

Selestina, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto, akamgeukia mumewe taratibu. “Pacha wa nani?”

“Ni picha tu, mama.”

“Asiye na pacha hatoi chungu, mwanangu,” Getruda akasema. “Mbane vizuri. Na chakula kiko wapi?”

Wanzagi akainuka awafukuze. Mzungu alikuwa keshasimama na kamera.

“Hii ya kale kweli?”

“Ya kale,” Wanzagi akajibu, jasho likimchuruzika.

“Basi nitaleta wageni kila Jumamosi. Lakini nataka yote, hawa mama, na wewe ukae hapo hapo. Uso wako mzuri sana.”

Wanzagi akamtazama mkewe, amwokoe. Selestina akaenda jikoni, akarudi na togwa, akawamiminia wanawake mmoja mmoja.

“Jumamosi mje mapema, shangazi,” akasema. “Na mimi nina yangu ya kumwambia.”