Sindano ya Mkwe

Nilikuwa nimekwisha kumchoma mara nne, mara mbili kila mkono, na bado Mama Adèle alishikilia kitenge chini ya kidevu. Dawa za saratani zilikuwa zimeimaliza mishipa yake. Mke wangu Ornella, binti yake, alikuwa ameniambia kwamba kule Kampala walimwekea kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye mrija unaoingia katika mshipa mkubwa. Sindano moja hapo, na dawa ya kung'arisha picha za skana ingepita bila taabu.

Lakini mimi ni mkwe wake. Kwetu mwanamume hakai mkeka mmoja na mama mkwe, seuze kutazama kifua chake. Na mwaka ule wa vita, katika hospitali yetu ya Butembo, muuguzi aliyeijua kazi hiyo nilikuwa mimi peke yangu.

"Mama, bila ile dawa hatutajua kama ugonjwa umefika ku maini," nilimwambia nikitazama ukuta.

"Donc nitarudia Beni," akajibu, yaani basi atarudi kwake Beni.

Nilikasirika, nakiri. Wiki iliyotangulia magari yalichomwa kwenye barabara ya kwenda Beni. Nilimpenda mama yule, ambaye hakuacha gari litoke Beni bila kunitumia mhogo wake, na sasa alikuwa tayari kufa kwa ajili ya adabu.

Ornella alikuwa kando yetu. Alichukua makasi, akatoboa kitenge chake kipya tundu la ukubwa wa kizibo, akamfunika mama yake na kukisogeza hadi kile kifaa kikatokeza.

"Ona hapo tu," akaniambia.

Pampu ya kusukumia dawa ile niliiacha. Inasukuma kwa nguvu mno, na mrija usiojulikana aina yake unaweza kupasuka. Karatasi za Kampala zilizoitaja aina hiyo ziliungua vitani pamoja na nyumba ya mama. Nikavaa aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, nikachoma sindano kwenye kile kifaa, nikashika bomba lake kwa mkono. Moyo wake ulidunda chini ya vidole vyangu, na hadi leo vidole hivyo havijasahau.

"Mukwe," akasema, macho ameyafumba. "Uko natetemeka?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi pia. Mais hapana acha," akanisihi nisikome.

Nikasukuma polepole mpaka bomba likaisha.

Picha zilipotoka, maini yalikuwa safi. Nilipomwambia alilia kidogo, akanishukuru, kisha akaniomba nitoke ili avae.