Kuku wa Epifania

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara mbili, kikatulia, nikajua Minza ameshaamka. Kila alfajiri ya kambi ile alitangulia kuamka, akachochea kuni, akanichemshia maji ya kutawadhia. Mwezi wa saba huku Ufipa maji ya ndoo yanauma kama meno. Hakuna aliyemtuma. Alinisikia tu siku ya kwanza nikilalamikia magoti.

"Bibi, amka, maji tayari," aliniita nje ya turubai. "Changanya na ya baridi, usije ukasema Msukuma kakuchemsha kama kiazi."

"Kiazi chenyewe kizee," nikamjibu. "Hakiivi."

Ilikuwa kambi ya akina mama wa Kiislamu, siku nne, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mahindi nje kidogo ya Mpui. Tulikuwa wanawake arobaini. Tulilala chini ya maturubai, tukasali pamoja, tukafundishwa Kurani na tukafundishwa kuwa ndugu. Wengi walikuwa wageni katika dini, kama Minza, ambaye alisilimu mwaka jana na kwao ni wafugaji. Hao walinitazama mimi. Nilizaliwa Silvana, katika nyumba ya Wakatoliki kule Mwimbi. Nilipoolewa na Rajabu, dereva wa malori, nikawa Zaituni. Baba alinifungia mlango hadi anakufa. Katika ukoo wote, mtu mmoja tu hakuacha kuja kwangu, dada yangu Epifania.

Kwa miaka arobaini na moja alikuja na kuku. Sikumbuki akija bila kuku, na kuku huyo alikuwa hai siku zote, amefungwa miguu kwa kipande cha kanga. Alimkabidhi kwa mume wangu mlangoni na kusema, "Shemeji, chinja mwenyewe, ili mdogo wangu ale kwa raha." Nyama iliyopikwa hakuwahi kuniletea hata siku moja. Wala hakuwahi kuniita Silvana tena. Rajabu alipofariki, Epifania alimpeleka kuku kwa jirani yangu Mwislamu achinjwe, kisha akaingia na kupika.

Siku ya tatu ya kambi, asubuhi, Ustadha Shamsa alifundisha juu ya subira. Alinisimamisha mbele ya wenzangu. "Mtazameni mama huyu," alisema. "Aliacha ukoo wake kwa ajili ya Mungu." Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilikaa mgongo wangu umenyooka kama wa msichana.

Baada ya sala ya adhuhuri bodaboda ikasimama pembeni ya shamba. Epifania akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, amepakata sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Ametoka Mwimbi, saa mbili na zaidi juu ya pikipiki, upepo wa Ufipa ukimpiga kifuani. Ana miaka sabini na tatu.

"Mdogo wangu! Nimesikia mnalala nje na baridi hii kama watu waliofukuzwa na waume!"

Wanawake walicheka. Akaiweka sufuria juu ya mkeka, akafungua kitenge, na harufu ya kuku na tangawizi ikajaa pale. Kwa siku tatu tulikuwa tumekula ugali na maharage.

Mama mmoja nyuma akauliza, bila ubaya wowote, "Kachinja nani?"

Macho yote yakanigeukia mimi.

Ilikuwa kazi ya neno moja tu, kumuuliza dada. Nilimjua kuliko mtu yeyote duniani. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimefanywa mfano, nami nilitaka kuendelea kuwa mfano. Kuku aliyekwisha kupikwa, hajaja hai, nikaona hilo linatosha.

"Rudi naye, dada," nikasema kwa sauti ili wote wasikie. "Sisi kisu chake hatukijui."

Epifania alinitazama.

"Haya," akasema.

Ustadha Shamsa aliinuka. "Mama, kaa kwanza, tuulizane vizuri." Lakini dada alikuwa ameanza kukifunga kitenge, taratibu, fundo juu ya fundo. Minza alikimbia na kikombe cha chai. Epifania aliinywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akashukuru. Mimi sikumpa hata maji. Pikipiki ikaondoka.

Jioni Minza aliketi karibu nami. "Bibi, leo nimejifunza. Mama yangu ananiletea maziwa kila Jumamosi, na kibuyu chake sijui huwa kinawekwa nini. Nitamwambia asilete tena."

Nilipaswa kumkataza. Nikamwambia, "Mungu akutie nguvu."

Siku ya mwisho akaja Mama Mwasiti kutoka Mwimbi kwa ajili ya dua ya kufunga kambi. Mume wake ni mwangalizi wa msikiti mdogo wa kule. Kabla hata hajavua viatu akaniuliza, "Yule jogoo mlimfaidi?"

"Jogoo gani?"

"Wa dada yako! Alimgongea mume wangu kabla ya swala, jogoo kwapani. Akasema, 'Kule ni wanawake watupu, nani atawachinjia? Mchinje wewe, mimi nishuhudie.' Kisu akaazima kwangu. Sufuria akanunua mpya dukani, maana anasema zake zote zimepikiwa nguruwe. Yule mama ana moyo, jamani!"

Nilimwomba Ustadha nafasi, nikasimama palepale niliposimama jana yake, nikawaeleza wote nilichofanya. Walilia. Walinikumbatia mmoja mmoja, wakiniita dada, dada, dada. Nilikuwa na dada arobaini shambani, na yule aliyestahili kusikia maneno yale alikuwa Mwimbi.

Minza hakuja kunikumbatia. Nilimkuta anafunga mzigo wake.

"Pokea maziwa ya mama yako," nikamwambia. "Nilikukosea."

"Nilishamtumia ujumbe jana, bibi. Na sasa simu yake haipatikani." Alikaza kamba. "Naenda." Hakusubiri chakula cha mchana. Lakini kabla ya kuondoka aliniachia birika la maji ya moto karibu na turubai langu.

Kesho yake nami nikaenda Mwimbi. Epifania alikuwa uani anapepeta ulezi. Aliponiona aliweka ungo chini, akajifuta mikono.

"Karibu, mama," akasema, kama anavyomkaribisha muuguzi wa chanjo.

Akatandika mkeka. Akamtuma mjukuu wake Jenifa dukani, akarudi na soda na maji ya chupa. Dada akaongeza mayai mawili ya kuchemsha, hayajamenywa.

"Vyote vimefungwa," akasema. "Hamna mkono wa mtu humo."

Nikamwambia nilichokuja kumwambia. Nikasema Mama Mwasiti amenieleza. Nikasema nisamehe. Alisikiliza hadi mwisho, akiokota vijiwe katika ulezi.

"Nimekusamehe," akasema. "Niliungama jana Jumapili, nikaambiwa nikusamehe."

"Na yule kuku?"

"Wajukuu walikula. Walimsifia sana."

"Na sufuria?"

Alinyoosha kidole kuelekea bandani. Sufuria ilikuwa chini, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni, imejaa pumba za nguruwe. "Haikuwa na kazi nyingine," akasema.

Nilimenya yai, nikalila. Chumvi hakunipa, nami sikuiomba. Jua lilipoanza kushuka alinisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu magoti yangu anayajua, akanishika mkono kwenye mtaro. Mkono ule ulikuwa uleule.

"Dada," nikamwambia, "lini utakuja kwangu?"

"Nije na nini, Silvana?"

Hakuwa ameniita jina hilo kwa miaka arobaini na moja.

"Njoo mikono mitupu. Nitapika mimi."

Aligeuka kuutazama ulezi wake uani. Bodaboda ilikuwa imewaka. Nilipanda, nikageuza shingo, nikarudia kwa nguvu ili sauti ipite mlio wa injini: "Njoo tena kwangu, dada. Tafadhali, njoo."