Mayai Kumi na Mawili Ndani ya Helmeti

Kuku hapangiwi pa kutagia. Mtengenezee kikapu chenye nyasi safi, atakipita kama hakioni, aende akatage kwenye sufuria yako ya wali. Huyu wa Tunu, tetea mweusi asiye na adabu hata chembe, aliichagua helmeti ya Mwinjuma iliyokuwa imelazwa nyuma ya mlango. Akataga humo mayai kumi na mawili, akayaatamia. Ukimsogelea, anakudonoa.

Mwinjuma, mume wa Tunu, alikuwa tarishi wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka ule wa tisini na tatu mizigo ilikuwa inaingia usipime: magari ya Japani, marobota ya mitumba, redio za kila namna. Makaratasi ya mizigo hiyo yalizunguka mjini kwa pikipiki ya ofisi, Honda, na mwendeshaji ni yeye. Mtaani kwao Mtoni watoto walimjua kwa mlio wake kabla hajatokeza.

"Mama Hija, leo naitaka helmeti yangu," alimwambia mkewe asubuhi hiyo. "Magari yamezidi siku hizi."

"Mtoe kuku mwenyewe, kama una roho hiyo. Kashasusa mayai mara mbili huyu. Zimebaki siku tatu tu!"

"Sasa mie niende hivihivi?"

"Hebu nenda zako, baba. Kichwa chenyewe kigumu hicho, kitavunjwa na nini?"

Wakacheka, wote wawili. Mwinjuma akawasha pikipiki, akaondoka kichwa wazi kama siku zote kumi na nane zilizotangulia.

Saa nne haijafika, kwenye njia panda ya hapohapo Mtoni, pikapu iliyosheheni marobota ilikata kona bila kuwasha taa wala kupiga honi. Honda ikaingia ubavuni. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti, na hilo lingekuwa dogo. Kichwa ndicho kilichotua kwenye zege la ukingo wa barabara. Walimpakia kwenye pikapu ileile, juu ya mitumba, wakapitia kwanza polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi, ndipo wakaenda hospitali. Utaratibu ndio huo, damu imwagike isimwagike.

Alilala siku sita hajui mchana wala usiku. Siku ya tatu, kuku alitotoa. Tunu alirudi kutoka hospitali akakuta vifaranga tisa wanalialia nyuma ya mlango, akawachukia, vitoto vya watu visivyo na kosa. Akaifunga helmeti kwenye kanga kuukuu na kuisukuma uvunguni.

"Ajali haina kinga, mwanangu," mama mkwe wake, Bi Zubeda, alimwambia huku akimpapasa mgongo. Na wageni wote wakaitikia, ajali haina kinga. Tunu akainamisha kichwa. Kinga ilikuwapo, imekaliwa na kuku! Lakini utalisemaje hilo mbele ya mama aliyemzaa Mwinjuma?

Wiki ya tano Mwinjuma akarudishwa nyumbani, mguu umefungwa hogo la plasta. Daktari alikuwa amewaeleza wazi. "Ya zamani anayo yote. Ya leo ndiyo hayakai. Akilala, yanafutika. Huenda akapona, huenda asipone. Mpeni muda."

Asubuhi ya kwanza, Mwinjuma aliamka akapapasa nyuma ya mlango. "Mama Hija, helmeti yangu iko wapi? Nachelewa kazini."

Tunu akaona bora aseme. Alipiga magoti akamweleza yote: kuku, siku tatu zilizobaki, hata ule utani wa kichwa kigumu. Mwinjuma alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeniua kwa ajili ya kuku," akasema. Kisha akageukia ukutani. Hakula siku hiyo. Tunu alilia mpaka macho yakavimba.

Kesho yake mwanamume akaamka uso mweupe, hana kinyongo wala habari. "Mama Hija, helmeti yangu iko wapi?"

Tunu alisimama na kikombe cha chai mkononi. Angefanya nini, jamani? "Uliiacha kazini, baba Hija."

"Ahaa." Akapokea chai, akanywa.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi swali lile, kila asubuhi uongo ule, na chai ikanyweka. Mwezi ukapita. Katika kila swala Tunu alimwomba Mungu amrudishie mumewe akili, na akishasema amina, anaanza kuogopa dua isije ikajibiwa.

Hata asubuhi moja Mwinjuma hakuuliza. Alikuwa amekaa kizingitini na magongo yake, akiwatazama vifaranga, ambao sasa walikuwa wameshaota manyoya, wakiparua uani.

"Mama Hija."

"Abee."

"Jana uliniambia helmeti niliiacha kazini."

"Ndiyo."

"Na juzi pia. Halafu kuna siku uliniambia habari ya kuku."

Jana! Kasema jana! Tunu hakusubiri kufikiri. Furaha ilimtoka mdomoni kabla ya woga. "Mama! Mama njoo! Baba Hija anakumbuka ya jana!"

Bi Zubeda, aliyekuwa akikaa nao kumuuguza mwanawe, alitoka mbio jikoni, mikono imejaa unga, anapiga vigelegele. "Alhamdulillahi! Anakumbuka nini? Hebu niambieni, anakumbuka nini mwanangu?"

Mwinjuma alimtazama mkewe, akatazama chini. Ilionekana wazi kwamba hatasema, na kwamba akinyamaza leo atalinyamazia jambo hilo mpaka kaburini.

Tunu aliingia ndani, akainama uvunguni. Alirudi na helmeti, akaifungua kanga na kuiweka mbele ya mama mkwe, manyoya na maganda ya mayai yakiwa bado yamo ndani.

"Anakumbuka kuwa nilimnyima hii mie," akasema.