Jina la Mke wa Fundi Taa

Mama Bhola aliubandika mfuko wa mwisho wa karanga kwa gundi ya unga, akajitanda ncha ya sari usoni, akatoka mbio. Leo jioni daftari la wapiga kura linafungwa.

Mifuko ile aliikunja kwa kurasa za jarida la Bibi Vidyavati. Miaka kumi na minne alilikunja jarida hilo katika kiwanda kimoja cha uchapaji hapa Allahabad, wanawake sita mkekani, Bibi akiwasomea kwa sauti: "Mwanamke naye ahesabiwe! Naye apige kura!" Chai ya tangawizi ikizunguka, vicheko hadi barabarani. Siku zile, jamani! Kisha karatasi ikapanda bei, jarida likafa, na Bibi hakukawia kulifuata. Uhuru ukaja, kura ikaja, mwenyewe hayupo.

Mume alikuwa kazini, hivyo Mama Bhola alisindikizwa hadi ofisi ya uandikishaji na shemeji yake mkubwa, kaka wa mumewe.

"Jina?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Mama Bhola."

"Bhola namjua sasa. Wewe nani?"

"Mke wa fundi taa."

"Ala! Mama, wake wa watu wasiotaja majina yao nimeshafuta hamsini leo. Unataka kuwa wa hamsini na moja?"

Hapo akazikumbuka anwani alizokuwa akibandika kila mwezi: Mke wa Wakili fulani, Mama wa Daktari fulani. Katika miaka yote ile, hakuna mwanamke hata mmoja aliyelipokea jarida kwa jina lake.

"Twende zetu," shemeji alinong'ona. "Utajitaja mbele ya wanaume?"

"Sukhdei." Tangu aolewe hakuwahi kulisikia jina hilo. Akalirudia kwa sauti: "Naitwa Sukhdei!"

Shemeji akatema tambuu, akaondoka.

"Haya. Jina la mume?"

Sukhdei akageuka kumtafuta shemeji. Kwa mila yao, mke hamtaji mumewe kwa jina. Kumtaja ni kumpunguzia umri. Wa kumtajia alikuwa shemeji, na shemeji ndiye yule anayeishilia konani.

"Upesi, mama! Nafunga."

Akamgeukia jirani yake Batulan, muuza bangili, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. "Dada, wangu unamjua?"

"Nani asiyemjua? Mtaa mzima haulali kwa kukoroma kwake!"

"Basi nitajie wangu, nami nikutajie wako."

Batulan akapaza sauti: "Ramsevak! Andika Ramsevak!"

"Na wa huyu ni Nabi Bakhsh," akadakia Sukhdei.

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. Nyuma yao, foleni nzima ilikuwa imeanza kubadilishana waume.